Kujitokeza kwa wapiga kura katika chaguzi za katikati ya muhula, kaunti ya Hennepin, Minnesota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ukikaribia uchaguzi usio na urais, maswali huwa ni yale yale, kanisani, msikitini na kwenye magrupu ya WhatsApp: kwani mwaka huu kuna uchaguzi? Tunamchagua nani? Wangapi huenda? Majibu yafuatayo ni ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Minneapolis na vitongoji vyake, na ya walio nyumbani Afrika Mashariki wanaosikia habari hizi redioni na wangependa kujua zinavyofanya kazi katika kaunti moja halisi.

Uchaguzi wa katikati ya muhula ni upi?

Rais wa Marekani huchaguliwa kila miaka minne. Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la Kongresi wana muhula wa miaka miwili tu, kwa hiyo wote 435 hurudi kwa wananchi rais akiwa katikati ya kipindi chake, pamoja na takriban theluthi moja ya maseneta. Ndiyo asili ya jina.

Jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu linafanya uchaguzi uonekane kama mapumziko kati ya mechi mbili kubwa. Huku Minnesota, gavana, mwanasheria mkuu wa jimbo na katibu wa jimbo huchaguliwa mwaka huo huo usio na rais. Hennepin huchagua pia sherifu na mwendesha mashtaka wa kaunti. Anayeamua kijana wako ashtakiwe au aachiliwe ni mwendesha mashtaka wa kaunti. Anayesimamia jela utakayolazwa usiku ule ni sherifu. Rais hahusiki na lolote kati ya hayo, lakini ni mwaka wake ndio unaojaza vituo.

Kwa nini kuzungumzia Hennepin na si Marekani nzima?

Kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunaishi. Hennepin ndiyo kaunti yenye watu wengi kuliko zote Minnesota: sensa ya 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 1.28, zaidi kidogo ya mtu mmoja kati ya kila watano jimboni. Mji wake mkuu ni Minneapolis, na kaskazini kuna Brooklyn Park na Brooklyn Center, ambako wanaishi Wakenya wengi. Brooklyn Park ndiyo iliyomsaidia Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, kuingia bunge la jimbo mwaka 2024.

Asilimia zinazotajwa hapa chini ni za jimbo zima la Minnesota, isipokuwa pale inaposemwa vingine. Hennepin ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko kaunti yoyote ndani ya asilimia hizo.

Asilimia ya waliojitokeza hupigwaje?

Hapa ndipo watu wengi hugombana bure. Kenya, tume ya uchaguzi inapotangaza kwamba asilimia 65 hivi walijitokeza mwaka 2022, inagawanya waliopiga kura kwa idadi ya waliojiandikisha. Asiyejiandikisha hayumo kabisa kwenye hesabu.

Minnesota hugawanya kwa wote wenye haki ya kupiga kura, yaani raia waliotimiza miaka 18 na wasiozuiwa na sheria, wawe wamejiandikisha au la. Kipimo hiki ni kikali zaidi. Wanaofanya hivyo wana sababu: kwa kuwa hapa mtu anaweza kujiandikisha siku ile ile ya kura, daftari la asubuhi si daftari la jioni. Ukigawanya kura za jioni kwa majina ya asubuhi, utapata namba za kupendeza mno ambazo hazina maana kubwa.

Kwa hiyo usichukue asilimia 64 ya Minnesota ya mwaka 2018 ukailinganisha na 65 ya Kenya ukasema tumetoshana. Ni mizani miwili tofauti.

Basi takwimu zinasemaje?

Kwa ufupi: mwaka 2002 walijitokeza karibu asilimia 65. Mwaka 2006 wakashuka hadi kama 60, mwaka 2010 hadi kama 56, na mwaka 2014 hadi karibu 50 na nusu. Kisha 2018 ikaruka hadi zaidi ya 64, na 2022 ikatulia kwenye 61 hivi.

Weka hizo kando ya miaka ya urais: karibu 75 mwaka 2016, karibu 80 mwaka 2020, na 76 mwaka 2024. Pengo lipo, na si dogo. Lakini tazama Marekani kwa ujumla: mwaka 2014 ni kama asilimia 37 tu ya wenye haki waliopiga kura, kiwango cha chini kabisa tangu wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 2018 nchi nzima ilifika 50, na watu wakashangilia kwa sababu haikuwahi kufika huko kwa takriban miaka mia moja. Minnesota ndiyo iliyoongoza majimbo yote mwaka huo. Hata ilipokuwa hoi, mwaka 2014, iliipita nchi kwa zaidi ya pointi 13.

Hivi kura chache zinaweza kweli kuamua uchaguzi mkubwa?

Mwaka 1962, gavana wa Minnesota alichaguliwa kwa mara ya kwanza kwa muhula wa miaka minne badala ya miwili. Elmer L. Andersen, aliyekuwa madarakani, alikabiliana na naibu wake mwenyewe wa chama kingine, Karl Rolvaag. Kura zilizidi milioni moja na laki mbili. Zikahesabiwa upya, mawakili wakabishana karatasi kwa karatasi, majira ya baridi yakapita, na Rolvaag akaapishwa mwishoni mwa Machi 1963. Tofauti ilikuwa kura 91.

Tisini na moja. Hao ni watu wa jengo moja la ghorofa pale Brooklyn Park, na wengine wangebaki nyumbani. Nadra, ndiyo. Lakini mwaka 2010 pia gavana Mark Dayton alimshinda Tom Emmer kwa kura zisizofika 9,000 kati ya milioni mbili na ushee, na kura zikahesabiwa upya.

Mwaka 1998 kulikuwa na nini hadi watu wanautaja hadi leo?

Kulikuwa na Jesse Ventura, mwanamieleka wa zamani wa televisheni, aliyegombea ugavana kupitia chama kidogo dhidi ya vigogo wawili: Norm Coleman, meya wa St. Paul, na Hubert “Skip” Humphrey, mwanasheria mkuu wa jimbo na mtoto wa makamu wa rais wa zamani. Kura za maoni zilimweka wa tatu. Alishinda kwa asilimia 37.

Watu hukumbuka misuli na vichekesho. Ukweli wa kiufundi hukumbukwa kidogo, nao ndio wenye maana kwetu. Takriban mmoja kati ya kila wapiga kura sita alijiandikisha siku ile ile, pale pale kituoni. Hao ni watu ambao wiki mbili kabla hawakuwa na mpango. Waliona mdahalo, wakasikia gumzo kazini, wakaamka Jumanne wakasema twende. Katika jimbo linalofunga daftari mwezi mmoja kabla, wangeambiwa mmechelewa, rudini nyumbani. Minnesota ilipitisha sheria ya kujiandikisha siku ya kura mwaka 1973, miongoni mwa majimbo ya kwanza kabisa kufanya hivyo, na miaka 25 baadaye sheria hiyo ikabadilisha sura ya wapiga kura kwa siku moja.

Na mwaka 2002?

Tarehe 25 Oktoba 2002, siku 11 kabla ya uchaguzi, ndege iliyombeba Seneta Paul Wellstone ilianguka karibu na Eveleth, kaskazini mwa jimbo. Alifariki pamoja na mkewe Sheila, binti yao Marcia, wasaidizi watatu na marubani wawili. Alikuwa katikati ya kampeni ya kutetea kiti chake dhidi ya Norm Coleman, yule yule wa 1998.

Chama chake kilimteua Walter Mondale, makamu wa rais wa zamani aliyekuwa na umri wa miaka 74. Tatizo likawa karatasi. Karatasi za kura zilikwisha kuchapishwa na jina la Wellstone, na maelfu ya watu walikuwa wamepiga kura kwa posta. Mahakama Kuu ya jimbo iliingilia kati ili waliokuwa wameomba kura za posta waweze kuomba karatasi mpya. Siku ya kura, mtu alipewa karatasi ya kawaida kwa nafasi nyingine zote, na karatasi ya pili ya ziada kwa kiti cha seneta peke yake. Kura ya posta iliyobaki na jina la Wellstone haikuhamishiwa kwa Mondale.

Coleman alishinda. Na asilimia ya waliojitokeza ilikuwa kubwa kuliko katika uchaguzi wowote wa katikati uliofuata. Ukiuliza kwa nini, wengine watasema ni majonzi, wengine hasira baada ya ibada ya kumbukumbu iliyogeuka mkutano wa siasa. Mimi naona jibu liko karibu zaidi: kila mtu alijua kwamba matokeo hayajulikani.

Kama sheria ni nzuri hivyo, mbona 2010 na 2014 zilidorora?

Swali zuri, na ndilo linalotibua hoja ya wale wanaodhani sheria peke yake inatosha. Sheria za 2014 hazikuwa mbaya kuliko za 2002. Kwa kweli zilikuwa nyepesi zaidi, kwa sababu mwaka 2014 ndipo Minnesota ilipoanza kuruhusu kura ya mapema bila kutoa sababu. Na bado ilikuwa nusu tu.

Kilichokosekana ni mashindano. Gavana Dayton na Seneta Al Franken walikuwa wakitetea viti vyao na walishinda bila jasho. Huko Minneapolis, viti vingi vya kaunti na bunge la jimbo vilikuwa vimeshaamuliwa kabla ya Novemba. Mtu anayefanya zamu mbili za uuguzi, kisha mtoto wa kuchukua shule, hana sababu ya kupanga foleni kwa ajili ya mechi ambayo matokeo yake anayajua. Wanaomlaumu kwa uvivu wangejaribu kwanza zamu zake.

Sheria hufungua mlango. Anayekutoa kitandani ni mgombea mwenye mpinzani.

Nini kiliwarudisha watu mwaka 2018?

Kila kitu kilikuja kwa pamoja. Franken alikuwa amejiuzulu mwezi Januari, hivyo Minnesota ikawa na viti viwili vya seneta kwa mpigo: Amy Klobuchar, mwendesha mashtaka wa zamani wa Hennepin, na Tina Smith aliyekuwa amejaza nafasi ya Franken. Kiti cha ugavana kilikuwa wazi, akakitwaa Tim Walz. Keith Ellison, aliyekuwa mwaka 2006 Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa Kongresi, aliacha kiti cha Minneapolis kugombea umwanasheria mkuu, na Ilhan Omar, aliyewahi kuishi katika kambi ya wakimbizi Kenya, akakichukua. Vitongoji vya magharibi, Dean Phillips alimwangusha Erik Paulsen wa Republican.

Chini kabisa ya karatasi ndiko nilikoona mabadiliko makubwa zaidi. Sherifu Rich Stanek, aliyekaa tangu 2007, aliangushwa na Dave Hutchinson kwa tofauti ndogo mno. Peter McLaughlin, kamishna wa kaunti (yaani mjumbe wa baraza la kaunti) kwa zaidi ya robo karne, alishindwa na Angela Conley, aliyekuwa kamishna wa kwanza Mweusi katika historia ya Hennepin. Irene Fernando naye alipata kiti. Waliokuja kumpigia kura gavana ndio waliogeuza baraza la kaunti, wengi wao bila hata kujua.

Mwaka 2022 ulikuwaje?

Ulishuka kidogo tu. Kifo cha George Floyd mikononi mwa polisi wa Minneapolis mwaka 2020 kiliufanya uchaguzi wa mwendesha mashtaka na sherifu uwe wa watu wote, si wa mawakili peke yao. Mary Moriarty, aliyekuwa mkuu wa mawakili wa utetezi wa umma, alishinda nafasi ya mwendesha mashtaka. Dawanna Witt akawa sherifu wa kwanza mwanamke na wa kwanza Mweusi. Suala la utoaji mimba nalo, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kufuta haki ya kitaifa ya kutoa mimba mwezi Juni, liliwaamsha wengi.

Ni akina nani hubaki nyumbani?

Vijana, na wanaohama hama. Nchi nzima, waliojitokeza kati ya wenye miaka 18 hadi 29 walikuwa kama asilimia 20 mwaka 2014, wakapanda hadi kama 36 mwaka 2018. Mwaka huo huo, wenye miaka 65 na kuendelea walikuwa karibu theluthi mbili. Kwa Hennepin, hesabu hiyo huonekana wazi kwenye maeneo ya wanafunzi karibu na Chuo Kikuu cha Minnesota na kwenye majengo ya kupanga, ambako watu hubadilisha anwani kila mkataba unapoisha.

Huko ndiko jamii yetu ilipo.

Nimehama wiki jana. Naweza kupiga kura?

Ndiyo, ukiwa raia na umeishi Minnesota siku 20. Unaenda kituo cha anwani yako mpya. Kuna meza pembeni ya wanaojiandikisha siku hiyo, huko utapewa fomu. Unaonyesha leseni yenye anwani mpya, au kitambulisho chenye picha pamoja na bili ya umeme, simu au mkataba wa nyumba.

Huna hata hicho? Mtu aliyejiandikisha katika eneo lenu la kupigia kura anaweza kuja nawe akathibitisha kwa kiapo kwamba unaishi hapo. Anatia saini mbele ya msimamizi. Anaweza kuwathibitishia watu hadi wanane, lakini wewe uliyethibitishiwa huruhusiwi kumthibitishia mwingine siku hiyo. Nyumba ambayo shangazi amepokea ndugu kadhaa raia waliohamia karibuni inaweza kupiga kura yote kwa shangazi mmoja aliyejipanga vizuri. Baadaye unapewa karatasi ndefu na kalamu, unajaza viduara, unaiingiza mwenyewe kwenye mashine, na unabandikwa kibandiko chekundu.

Nina green card tu. Je?

Hapana. Usipige, usijiandikishe, usitie saini fomu yoyote ya uandikishaji hata ukiletewa kwa tabasamu au pamoja na fomu za leseni ya udereva. Ni kosa la jinai la serikali kuu na linaweza kukuharibia uraia wako wa baadaye au kukurudisha kwenu. Ukishakula kiapo cha uraia, unaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo.

Na aliyewahi kufungwa?

Tangu 1 Juni 2023, aliyehukumiwa kwa kosa kubwa anaruhusiwa kupiga kura akishatoka gerezani, hata kama bado yuko chini ya uangalizi. Sheria hiyo iligusa zaidi ya watu 50,000 jimboni. Wengi bado hawajaambiwa, na hakuna atakayewagongea mlango.

Kura ya mchujo ya Agosti ina umuhimu gani?

Kwa Minneapolis, mara nyingi ndiyo uchaguzi wenyewe. Chama cha Democrat, kinachoitwa DFL hapa Minnesota, kina nguvu kiasi kwamba mshindi wake wa Agosti ndiye mshindi wa Novemba. Mwezi Agosti 2022, Ilhan Omar alinusurika dhidi ya Don Samuels kwa kura zisizofika 2,500. Waliokuwa likizoni siku ile huenda walikuwa wengi zaidi ya hao.

Aliyejitokeza hujaza karatasi nzima?

La. Wengi hujaza juu, seneta na gavana, kisha huchoka. Majaji, wanaoorodheshwa mwishoni na mara nyingi bila mpinzani, huachwa wazi na sehemu kubwa ya watu. Upande wa nyuma wa karatasi nao husahauliwa. Hiyo haionekani kwenye asilimia ya waliojitokeza, ingawa kwa jaji atakayesikiliza kesi yako ya kodi ya nyumba ni sawa na kutokwenda. Unaruhusiwa kuingia na karatasi yako ya kunakilia majina. Unaruhusiwa pia kuja na mtu wa kukusaidia kusoma, mradi asiwe mwajiri wako wala mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi.

Ujao ni lini?

Jumanne, tarehe 3 Novemba 2026. Mchujo ni tarehe 11 Agosti. Kura za mapema huanza tarehe 18 Septemba, siku 46 kabla. Kiti cha seneta kiko wazi kwa sababu Tina Smith alitangaza Februari 2025 kwamba hagombei tena, na Mary Moriarty naye alisema hatatetea nafasi ya mwendesha mashtaka. Kwa yaliyosemwa hapo juu kuhusu mashindano, hilo si jambo dogo.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Ukiwa umeshaingia kwenye foleni saa mbili inapogonga, unahudumiwa hata ikifika saa nne. Sheria ya Minnesota inamlazimu mwajiri akupe muda wa kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara.